Afande, Raia na Mkono Uliotangulia

Nyinyi mnaokuja nyumbani kwangu mtaa wa Munyaka hapa Eldoret kila Jumamosi na vitabu vyenu vya saa za kuruka, swali lenu la kwanza huwa ni lile lile. Shirika kubwa la ndege likitangaza nafasi za rubani msaidizi, nani anachukuliwa kwanza: aliyefunzwa na jeshi, au aliyefunzwa kwa harambee ya jamaa zake? Mnauliza mkiwa mmeshaamua jibu. Wa kiraia mnasema wa jeshi wanapendelewa kwa sababu wanajua kusimama wima. Wa jeshi mnasema raia wamejaza maofisi na wanaitana wao kwa wao. Mimi nilikaa upande mmoja wa ugomvi huo miaka sita na katikati yake miaka tisa, na sina haraka ya kumkubalia yeyote.

Msiniite mzee. Nina miaka arobaini na moja. Niliacha kuruka kwa sababu ya sikio la kushoto, ambalo asubuhi moja liliamua kwamba dunia inazunguka hata nikiwa nimelala kitandani. Daktari wa marubani alinipima mara tatu, kisha akaweka kalamu chini. Basi mimi ni mstaafu mwenye magoti mazima, na nina muda wa kuwaambia yale ambayo vitabu vyenu vinayaruka.

Nilisoma fizikia chuoni Chepkoilel kabla ya kwenda shule ya urubani, na huko kwa marubani nikabandikwa jina la Profesa. Halikuwa sifa. Mwalimu akisema kitu, mimi nilitaka kujua ni nani alikipima na alikipima lini. Wenzangu walikuwa wanaandika, mimi nainua mkono. Nilipopata leseni niliajiriwa na kampuni ndogo ya kukodisha ndege hapa Eldoret. Tulikuwa na ndege mbili za injini moja, na kila rubani aliruka peke yake. Hakuna msaidizi. Wewe ndiye rubani, karani, mpakiaji mizigo na mchungaji wa kuombea abiria wanaotapika.

Mkubwa wetu alikuwa Kapteni Rotich, mtu wa maneno machache na sweta moja ya kijani. Mwezi wangu wa kwanza nilibeba mama mmoja aliyekuwa anaelekea kaskazini. Kwenye karatasi ya mizigo begi lake liliandikwa "nguo". Nilisoma, nikajumlisha uzito, nikaweka sahihi. Sasa, uwanja wa Eldoret uko karibu futi elfu saba juu ya bahari. Hewa ya hapa ni nyembamba, na mchana jua likiwaka inakuwa nyembamba zaidi. Ndege inakimbia sana kabla ya kukubali kuinuka. Siku hiyo ilikimbia hadi nikaanza kuhesabu nguzo za ua wa mwisho. Tuliinuka, lakini nilizunguka nikatua tena. Rotich akaja, akafungua lile begi. Ndani kulikuwa na jiwe la kusagia la posho mill, limefungwa kwa leso mbili.

"Si nimekwambia ni nguo," yule mama akasema. "Hizo leso ni nini?"

Rotich hakucheka. Alinigeukia. "Profesa, sisi wote unatuuliza maswali kutwa nzima. Hilo begi, umeliuliza?"

Tangu siku hiyo nilinyanyua kila begi kwa mkono wangu, hata la askofu. Nanyi fanyeni hivyo. Karatasi haina uzito.

Nawasimulia hayo ili muelewe jinsi mkono wangu ulivyokuja kuwa na tabia yake. Ndege ina flaps, vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa ili ielee kwa kasi ndogo. Ukiruka kutoka Eldoret na mzigo mzito, flaps zinakusaidia kuinuka, halafu zinaanza kukuvuta nyuma. Kwa hiyo mara tu nilipopita miti iliyo baada ya uwanja, mkono wangu ulikuwa unaziinua hatua moja, mapema kidogo kuliko kitabu kinavyosema, na ndege inapata pumzi. Nilifanya hivyo mamia ya mara. Kwa ndege ile haikuniletea shida, na hakukuwa na mtu wa kiti cha pili wa kuniuliza nafanya nini. Baada ya miaka sita sikuwa najua kwamba nafanya.

Kisha mwenye kampuni aliuza ndege zote mbili, nikabaki na leseni na hakuna cha kurusha. Rubani akikaa miezi bila kuruka, mikono inasahau na waajiri wanajua inasahau. Wakati huo mwalimu mkuu wa shule moja ya sekondari kule Ziwa, mji mdogo karibu na Eldoret, alikuwa anatafuta mwalimu wa fizikia. Alikuwa amesikia habari zangu kanisani kutoka kwa mama yangu, muuguzi mstaafu aliyekuja Eldoret kutoka upande wa lile ziwa kubwa la maji akiwa msichana na ambaye hajawahi kuficha jambo lolote linalohusu mimi. Mwalimu mkuu alinipa hadi Jumatatu fulani nimjibu. Wiki iliyotangulia Jumatatu hiyo ndipo shirika kubwa lilikuwa linamaliza majaribio ya kuajiri marubani, nami nilikuwa nimeomba. Kwa hiyo nilijua vizuri nilichokuwa nashindania: ama kiti cha rubani msaidizi, ama chaki.

Zamani, wakubwa wetu wanasimulia, ulikuwa unaingia ofisini na kitabu chako cha saa, mnaongea nusu saa, mnapeana mkono. Sisi tulikuta mitihani ya kompyuta, maswali mia ya kukupima akili kama wewe ni mtu wa kurusha viti, na mwisho simuleta, ile mashine inayoiga ndege hadi unatokwa jasho la kweli. Kwenye ukumbi wa kusubiri raia tulikaa dirishani, wa jeshi mlangoni. Hakuna aliyetupanga. Sisi tulinong'ona kwamba wale hawajawahi kubishana na abiria hata mmoja. Wao, nilikuja kujua baadaye, walikuwa wananong'ona kwamba sisi tunaendesha ndege kama bodaboda.

Mwishoni tulibaki wanne kwa nafasi mbili. Wawili wa jeshi, wawili wa kiraia. Mtahini, Kapteni Simiyu, mtu mrefu aliyekuwa anakunja karatasi mara nne kabla ya kuisoma, alitupanga wawili wawili, mmoja kutoka kila upande. Mmoja anarusha, mwenzake anamsaidia, kisha mnabadilishana. Unayegombania naye kiti ndiye anayekusomea kasi.

Mwenzangu alikuwa Nekesa, aliyekuwa amemaliza mkataba wake jeshini, ambako alirusha ndege za mizigo. Dada yake alikuwa anakaa hapa Eldoret, na kwa kuwa tulipewa siku kumi za kujiandaa, alikuja huku. Alinipigia simu siku ya pili.

"Una viti vya plastiki?"

"Viti ninavyo. Kwani kuna kikao?"

"Leta viwili. Na gundi."

Alifika na picha kubwa ya karatasi ya chumba cha rubani, akaibandika kwenye ukuta wa sebule yangu juu ya picha ya harusi ya kaka yangu. Akaweka viti viwili mbele yake, akaketi, akashika usukani ambao haupo.

"Afande," nikamwambia, "mimi nina digrii. Siwezi kucheza kalongolongo kama mtoto na majirani wanaona."

"Raia, funga pazia basi."

Akanieleza kwamba jeshini, kabla hajagusa ndege, mkufunzi aliwatembeza kwenye uwanja wa gwaride wakiwa wametandaza mikono kama mabawa, wanakata kona wanapotakiwa kukata kona, wanataja kila kitu kwa sauti. Marubani wazima, wamepangana kama kuku. "Mpishi alikuwa anatoka nje kututazama," alisema. "Alikuwa anajua orodha kuliko mimi."

Nilimuuliza ni nani alithibitisha kwamba inasaidia. Akaniuliza, taa ya moto wa injini ikiwaka sasa hivi, neno langu la kwanza ni lipi. Nikaanza kueleza. Akatikisa kichwa. "Sikuuliza maelezo. Nimeuliza neno."

Basi niliketi. Siku nane tuliruka kwenye viti vile. Kusema kweli mimi nilimfaa pia. Yeye alizoea hali ya hewa ya kupewa kwenye karatasi. Mimi nilimfundisha kuangalia wingu na kukisia lina nini tumboni, na kumweleza abiria kwamba mmechelewa bila kumwambia uongo wala kumtisha. Akijaribu kuongea na abiria, alikuwa anatoa amri. Ilinibidi nijifanye abiria mkali kutoka Ziwa aliyeachwa na ndege, na mara ya kwanza aliniamuru niketi, nikaketi.

Angalieni lakini tulichokosea. Kwenye viti vile mikono yetu ilikuwa haishiki chochote. Akiita, yaani akiagiza kwa sauti, nilikuwa nasema "flaps juu", napapasa karatasi ukutani, basi. Tabia ya mkono haionekani kwenye karatasi. Kuna raia mwenzetu aliyetuletea orodha ya mazoezi ya mwaka uliotangulia, kila mtu akaikariri kama katekisimu, na siku ya siku hakuna hata zoezi moja lililotoka. Msikariri orodha za watu.

Siku ya mtihani nilirusha mimi kwanza. Nilifanya vizuri, nasema bila aibu. Nekesa alinisomea kila kitu kwa wakati wake, hakuniwekea mtego, ingawa angeweza. Tukabadilishana viti. Simiyu, nyuma yetu gizani, akasema, "Tubadilishe uwanja. Tuwapeleke Eldoret, mchana, joto, mzigo umejaa."

Moyo wangu ulifurahi. Nyumbani. Hapo ndipo nilipopotea.

Tulikimbia, tukainuka, na injini ya kushoto ikafa. Nekesa alishika ndege kama mtu aliyeshika beseni la maji. Pua sawa, bawa sawa, sauti ya kawaida. Mbele yetu ile miti ya kuigiza ikapita chini, miti yangu, pale pale nilipoizoea. Mara usukani ukaanza kutetemeka kwa nguvu. Hilo ni onyo kwamba mabawa yanakaribia kushindwa kuibeba ndege. Nekesa akashusha pua, akasukuma nguvu yote iliyobaki, tukapoteza futi mia mbili na kitu tukiwa karibu na ardhi.

"Flaps," akasema. "Nani amegusa flaps?"

Nilitazama chini. Mkono wangu ulikuwa juu ya kishikio. Nilikuwa nimeziinua hatua moja, bila kuitwa, kwenye ndege nzito kuliko yangu ya zamani, yenye injini moja inayofanya kazi na kasi ndogo. Sikumbuki kuamua. Nikazirudisha alipoagiza, ndege ikatulia, akamaliza zoezi na kutua.

Tuliketi mezani, watu watatu na chai ambayo hakuna aliyeinywa. Simiyu alikunjua karatasi yake.

"Flaps zilipanda mapema," alisema. "Mimi nilikuwa naangalia kipimo cha injini, sikuona mkono. Nekesa, uliita?"

"Ndege ilikuwa yangu, Kapteni," Nekesa akasema.

"Hilo si nililouliza."

"Ndilo jibu langu."

Simiyu akaanza kuandika kwenye karatasi ya Nekesa. Nitawaambia ukweli wa sekunde zile, kwa sababu wastaafu wengi huzipamba. Sikuwaza heshima. Nilipiga hesabu. Zamu yangu ilikuwa safi. Akianguka yeye, kiti kinanijia mimi, na Ziwa watafute mwalimu mwingine. Na hata sikuhitaji kusema uongo, nilihitaji kunyamaza tu, na kunyamaza kwenyewe nilikuwa nimepewa na mwenye haki ya kulalamika. Kilichonizuia ni kitu kidogo. Nilitaka kujua kwa nini mkono wangu ulifanya vile, na nisingeweza kumuuliza mtu yeyote bila kukiri kwamba ulifanya.

"Ni mimi," nikasema. "Hakuita. Niliziinua mwenyewe, na sijui kwa nini."

Kapteni Simiyu hakunisifu. Alifuta alichoandika kwenye karatasi ya Nekesa, akavuta karatasi yangu, akakiandika pale, neno kwa neno. Kisha akasema asanteni, mnaweza kwenda.

Nilidhani Nekesa atanishukuru. Alinisubiri kwenye maegesho ya magari akiwa amefunga mikono kifuani.

"Nani alikutuma?"

"Nimekuokoa, Afande."

"Umeniokoa na nini? Mimi ndiye nilikuwa narusha. Mtu akigusa kitu ndani ya ndege yangu na mimi sijaona, hilo ni kosa langu. Sasa umemwambia mtahini nilikuwa sijui kinachoendelea kando yangu."

"Lakini hukujua."

"Ndiyo. Na ningebeba."

"Ungebeba, halafu? Kesho nikae na mwingine nimfanyie vile vile?"

Akakunjua mikono. "Hiyo sikuifikiria," alisema. "Jeshini kubeba ndiyo kazi. Aliye chini yako anaadhibiwa na wewe, nyumbani, si mbele ya watu."

"Uraiani kila mtu anataja mkono wake. Bila hivyo fundi hajui atengeneze nini."

"Basi Profesa," akasema, "tengeneza."

Yeye alichukuliwa. Mimi sikuchukuliwa. Ukweli wangu haukuniongezea alama hata moja, na msije mkadanganywa na mtu kwamba huwa unaongeza. Siku ya Jumatatu nilimpigia mwalimu mkuu, na Jumatano nilikuwa Ziwa mbele ya Kidato cha Pili, nikieleza kwa nini ndege hupaa, wao wakinitazama kwa huruma.

Mwaka ule ndio nilijifunza urubani. Nilibandika ile picha ya chumba cha rubani aliyoniachia Nekesa kwenye maabara, nyuma ya kabati la vioo. Fundi wa kutengeneza cherehani sokoni aliniunganishia vishikio vya mbao vyenye springi, ili mkono uwe na cha kushika. Mwalimu wa Kiswahili, Mama Atieno, alikubali kuketi kiti cha kushoto saa za chakula cha mchana na kuwa rubani wangu mkuu. Hakujua lolote kuhusu ndege na hilo ndilo lilinifaa, maana alikuwa anasahau kuita vitu. Kazi yangu ikawa moja. Asipoita, nisiguse. Asipoita na wakati umefika, niseme. Mwanzoni nilikuwa nagusa. Alinichapa kidole kwa rula ya futi moja.

"Mwalimu, nimesahau, sawa," alikuwa akisema. "Si una mdomo?"

Jioni Nekesa alinipigia kutoka kwenye mafunzo yake, tukabishana. Kutokana na mabishano yale niligundua kwamba kila upande unaleta ugonjwa wake. Wa jeshi amezoea kubeba, kwa hiyo anachelewa kuomba msaada. Wa kiraia aliyeruka peke yake anafanya mambo yote mwenyewe, kwa hiyo husahau kwamba kuna mtu kando. Shirika linapowapanga wawili wawili halitafuti nani ni rubani hodari. Wote mliofika pale ni hodari. Linatafuta nani ameshaujua ugonjwa wake kwa jina.

Nafasi zilipotangazwa tena nilirudi. Mtahini ni Simiyu yule yule. Mwenzangu safari hii alikuwa kijana wa jeshi aitwaye Kiplagat, mtulivu, mkono mzuri kuliko wangu. Sikumwambia habari za mwaka uliopita. Nilimwambia jambo moja tu: nikinyamaza sana, niulize, nikiongea sana, vumilia.

Zamu yake, Simiyu akasema Eldoret, mchana, mzigo umejaa. Injini ikafa. Kiplagat akaishika vizuri. Miti ikapita chini. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa juu ya goti, na nitakiri kwamba vidole vilicheza. Tukapanda hadi kimo cha kuongeza kasi, pale ambapo flaps zinatakiwa kuinuliwa. Kasi ikafika. Ikapita. Kiplagat alikuwa ameshughulika na usukani, macho mbele, meno yameumana, hakuita kitu. Nikajua kishikio kiko wapi bila kukitazama.

"Kasi imetosha," nikasema. "Flaps?"

Akavuta pumzi. "Flaps juu."

Ndipo nikaziinua.

Tulipotoka nje alinishika bega. "Ulijuaje nimesahau?"

"Sikujua," nikamwambia. "Niliuliza."

Tulichukuliwa sote wawili. Katika miaka tisa iliyofuata, marubani wenzangu kwenye kile kiti cha pili waliniuliza kasi, kimo, mafuta na hali ya hewa ya kule tuendako. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama nilitoka jeshini au uraiani.